Chembe zilezile, namba mbili

Kazi yangu ni kutengeneza chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita chache. Chukua milimita moja, uigawe vipande milioni: kipande kimoja ndicho nanomita. Kwa miaka kadhaa nimeifanya kazi hii mguu mmoja ukiwa chuo kikuu, mwingine kiwandani. Kila panapozungumzwa ushirikiano wa vyuo, serikali na viwanda, nasikia zaidi habari za fedha: nani atoe, atoe kiasi gani. Bila fedha hakuna maabara, hilo halina ubishi. Lakini ushirikiano wetu uliokaribia kuvunjika haukuponzwa na fedha. Uliponzwa na namba.

Tulipeleka kiwandani chupa ya chembe, hati yetu ikionyesha nanomita 9. Baada ya wiki mbili likaja jibu kwamba zimepimwa na kukutwa na zaidi ya 13. Mkataba uliruhusu tofauti ya nanomita 1 tu, basi malipo yakasimamishwa. Mwanafunzi wa uzamivu aliyezitengeneza alirudia kazi mara tatu, na mara zote tatu akapata 9. Nilimwona akianza kuishuku mikono yake mwenyewe, na jambo hilo liliniuma kuliko malipo yaliyozuiwa.

Kumbe hakuna aliyekosea. Sisi tulitumia hadubini ya elektroni, inayotazama chembe zikiwa kavu ndani ya ombwe, na inachokiona ni dhahabu yenyewe. Wao walitumia kifaa kinachomulika leza ndani ya maji na kufuatilia jinsi mwanga unavyometameta chembe zinapotangatanga. Sasa, chembe iliyo majini haitembei uchi. Imevaa molekuli zilizoishika, na inaburuza maji kidogo kila iendako. Leza inapima dhahabu pamoja na vazi lake. Isitoshe, chembe yenye kipenyo mara mbili hutawanya mwanga takriban mara 64 zaidi, kwa hiyo chembe chache kubwa zinatosha kuzifunika ndogo zote na kuivuta namba juu.

Hapo ndipo nilipoona serikali inahitajika kwa lipi hasa. Mwaka 2008, NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, ilitoa chembe rejea za dhahabu, yaani chembe zilizokwisha kupimwa ili wengine walinganishie vipimo vyao, za saizi tatu: nanomita 10, 30 na 60. Hati ya ile ndogo inataja 8.9 kwa hadubini ya elektroni na 13.5 kwa leza. Chembe ni zilezile, na namba zote mbili ni za kweli. Kiwanda hakiwezi kuwa mwamuzi wa bidhaa yake chenyewe, na chuo hakina sababu ya kutumia miaka kurudia kipimo kimoja ambacho hakitamzalishia mtu tasnifu. Anahitajika mtu wa tatu asiyeuza wala kununua. Kwenye dawa pia mtindo ni huo: tangu 2004 Marekani ina maabara maalumu, iliyoanzishwa na taasisi yake ya saratani kwa kushirikiana na NIST na mamlaka ya dawa, inayochunguza chembe za tiba za watafiti inaowakubali, bila kuwatoza.

Vyumba navyo vina hadithi yake. Chumba kisicho na vumbi chenye mashine za kuchora saketi ni ghali mno kwa chuo kimoja. Ndiyo maana naipenda njia ya imec, kituo cha utafiti wa elektroniki kilichoanzishwa Leuven, Ubelgiji, mwaka 1984 kwa fedha za serikali ya Flanders. Kampuni zinazogombania wateja huko nje hulipia utafiti wa pamoja humo ndani. Zinashirikiana mapema, kabla bidhaa haijazaliwa, kisha kila moja inakwenda zake.

Linalobaki ni mwanafunzi. Kiwanda kinataka siri, naye hawezi kuhitimu bila kuchapisha. Tena wote wawili wana haki, maana katika nchi nyingi ukitangaza uvumbuzi kabla ya kuombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki, umeipoteza. Msimamo wangu ni huu: kiwanda kipewe siku 90 za kuisoma rasimu na kuwasilisha ombi la hataza, zikiisha, makala yatoke. Nimewahi kuona kifungu kinachoruhusu kampuni kuizuia tasnifu bila ukomo, na aliyekitia saini upande wa chuo hakuwa hata amemuuliza mwanafunzi. Kifungu cha namna hiyo sitakikubali, hata fedha ziwe nyingi vipi.

Na siku hizi mkataba hausainiwi kabla kila upande haujapima chupa ya chembe rejea kwa kifaa chake na kuandika matokeo kwenye kiambatisho, pamoja na jina la kifaa na namna sampuli ilivyoandaliwa. Kile kiwanda tulichozozana nacho kilirudi mwaka uliofuata. Kwenye kiambatisho chetu kuna safu mbili, ya hadubini na ya leza, na aliyezijaza zote mbili ni yule mwanafunzi, akiwa amesimama kando ya fundi wao kwenye mashine yao.