Je, wajua kwa nini saratani ya ini husakwa kwa protini ya mtoto aliye tumboni?

Mtoto akiwa bado tumboni, ini lake humimina kwenye damu protini iitwayo alfa-fetoprotini, kwa kifupi AFP. Akishazaliwa hupungua, na mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hubaki na chini ya nanogramu 10 kwa mililita. Jeni yake haijafutika, imezimwa tu. Seli za ini zinapogeuka saratani, mara nyingi huiwasha tena, na protini ya kitoto ikaonekana kwenye damu ya mtu wa miaka 50. Garri Abelev na wenzake wa Moscow waliigundua kwa panya wenye uvimbe wa ini mwaka 1963. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu.

Wenye homa ya ini B au C ndio hasa wanaohitaji kipimo hiki cha AFP. Virusi hivi hukaa mwilini miaka na miaka vikilidhuru ini kimyakimya. Linaumia, linajitibu, linaumia tena, mpaka limejaa makovu, yaani sirosisi, na humo ndimo saratani nyingi huanzia. Kirusi cha B ni hatari zaidi kwa hili: hupachika vipande vya DNA yake ndani ya DNA ya seli, kwa hiyo saratani yaweza kuzuka hata pasipo sirosisi. Na mgonjwa hasikii kitu, kwa kuwa nyama ya ini yenyewe haina hisia za maumivu; maumivu huja uvimbe ukishakua na kuvuta utando wa nje.

Sasa, ugumu wa kipimo hiki uko hapa: homa ya ini yenyewe hupandisha AFP, maana ini linalojijenga upya huitoa pia. Ujauzito nao huipandisha. Halafu zipo saratani zisizoitoa kabisa. Ndiyo sababu namba moja peke yake isikutishe wala isikutulize. Chukua watu wawili. Wa kwanza ana AFP ya 30, na virusi vyake vimechachamaa. Akianza dawa, inashuka hadi 8. Wa pili alikuwa na 4, miezi sita baadaye 9, kisha 17. Wengi wangemhofia wa kwanza kwa kuwa amevuka 20, kikomo kinachotumika sana. Mimi ningemkimbizia kipimo cha picha huyu wa pili.

Ili kutenganisha saratani na homa ya ini, wataalamu hutazama pia aina ya AFP iitwayo L3. Sukari iliyoshikamana nayo ni tofauti kidogo, na hunaswa na protini itokanayo na adesi, naam, jamii hii ya kunde ya jikoni! Kipimo kingine ni PIVKA-II: prothrombini, protini ya kugandisha damu, iliyotolewa na seli kabla haijakamilika. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aseme mapema, kwani dawa hiyo huzuia kazi ya vitamini K, inayoikamilisha prothrombini, na kukipandisha kipimo hiki bila saratani yoyote.

Damu haichukui nafasi ya altrasaundi. Huenda pamoja nayo kila miezi 6, kwa sababu uvimbe mdogo huchukua miezi kadhaa kuongezeka maradufu. Na aliyepona homa ya ini C akiwa tayari na sirosisi aendelee kupimwa: virusi vimeondoka, makovu yamebaki.