Kabla hujapuliza dawa, inama uitazame asumini

Jumapili jirani yangu alinigongea mlango, kopo la dawa ya kupuliza mkononi. "Mwalimu, roshani yako imejaa utando. Nikusaidie?" Mama huyu ananipenda, na mrehani wangu ulitokana na mche wake. Lakini kazi yangu ni wadudu na jamaa zao, na kopo lile lilinishtua. Nilimwambia, "Karibu, mama, kaa kwanza," nikamvutia kigoda mbele ya chungu cha asumini.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa buibui mrukaji, mdogo kuliko punje ya hindi. Huyu hafumi utando wa kunasia; anawinda kwa macho. Anayo 8, na mawili ya mbele ni makubwa kuliko mengine yote. Ukimsogezea kidole taratibu atageuka akutazame, na sijawahi kuchoka kutazamwa hivyo. Kabla ya kuruka hubandika uzi wa hariri kwenye jani, ili akikosea asianguke hadi chini. Mruko wenyewe hautokani na misuli pekee: husukuma maji ya mwili kwa presha hadi miguuni, miguu ikanyooka ghafla. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko jamaa yake aitwaye Evarcha culicivora, ambaye hupenda hasa kumkamata mbu jike wa Anopheles, jamii inayoeneza malaria, aliyekwisha kunywa damu. Wa kwangu si yule, sitampa sifa isiyo yake. Wa kwangu hula anachokimudu: nzi, vidukari, na mbu akitua karibu.

Jirani akauliza kuhusu waridi lake. Mwezi wa pili, joto lilipokuwa kali, majani yalijaa vidoa vya manjano, kisha yakawa kama yaliyobabuka, na chini yake kukawa na utando mwembamba sana. Aliona utando, akamhukumu buibui, akapuliza. Majani yakazidi kukauka. Aliyekuwa anafyonza majani yale, na kufuma utando ule, ni utitiri mwekundu. Utitiri ni jamaa wa buibui, nao ukikomaa una miguu 8 (mdudu ana 6), lakini yeye hunyonya mmea, buibui huwinda. Dawa nyingi za kupuliza za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya wadudu, na utitiri mara nyingi huzistahimili. Wanaokufa ni wale waliokuwa wakiula: utitiri wenzake walao nyama, na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Katika joto letu yai la utitiri huweza kufikia utu uzima kwa takribani wiki moja, kwa hiyo ukimwondolea adui zake, kinachofuata unakijua. Nilimshauri aoshe majani kwa maji, hasa upande wa chini, kila baada ya siku mbili tatu. Ni kazi ya kuchosha, lakini waridi liko hai.

Ukutani, nyuma ya mshubiri, kuna vijumba vya udongo vya dondora. Kimoja kilidondoka chenyewe, nikakifungua. Ndani walikuwa buibui wamesongamana, wazima lakini hawawezi kutembea. Dondora huwachoma sindano ya kupoozesha, huwajaza kijumbani, hutaga yai na kuziba mlango. Buu akianguliwa anakuta chakula ambacho hakijaoza. Kwa hiyo hata buibui wana anayewapunguza. Huhitaji kuifanya kazi hiyo wewe.

Nilikulia na visa viwili. Buibui tulikatazwa kumuua, kwa sababu ya utando wa pango la Thaur alimojificha Mtume. Mjusi kafiri alisemwa kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim, na watoto tulimfukuza kwa fagio. Siwezi kuzungumzia mambo ya dini. Si elimu yangu. Ninachoweza kusema ni kile ninachokiona usiku chini ya taa ya roshani: mjusi anakamata nondo na mbu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nakwenda kulala.

Mbu ndio ninaowaogopa. Sahani za chini ya vyungu zikikaa na maji, mbu wa Aedes, aenezaye dengi, hutaga humo, naye huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Dar imepata milipuko ya dengi, ule wa 2014 na ule wa 2019 tunaukumbuka wengi; ugonjwa wenyewe una jina la zamani la Kiswahili, kidingapopo. Mwaga maji ya sahani angalau mara moja kwa wiki na uisugue kwa brashi, maana mayai hushika pembeni na hustahimili ukavu kwa miezi. Hapa buibui hatakusaidia vya kutosha.

Yuko buibui mmoja wa kuchukua tahadhari naye: Latrodectus geometricus, wa kahawia, mwenye alama ya rangi ya chungwa au nyekundu tumboni upande wa chini. Hupenda pembe zenye kivuli, chini ya viti na kingo za vyungu. Utamtambua kwa mfuko wa mayai wenye vijimiba kila upande. Ni mwoga na huuma anapobanwa, kwa hiyo usishike ukingo wa chungu usichokiona. Vaa glavu. Akimuuma mtoto, mpeleke hospitali.

Tulikuwa bado tumekaa pale ndege chozi alipotua kwenye waya wa kuanikia. Alirukia pembe ya dari, akavuta utando kwa mdomo wake uliopinda, akaondoka nao kuelekea mwembe wa jirani wa chini. Chozi hufungia kiota kwa hariri ya buibui. Mama aliliweka kopo sakafuni, akauliza kama atarudi kuchukua mwingine.

Alirudi mara tatu.