Nepi Haivuji, Imelewa Sabuni

Mtanisamehe, leo naandika nimeudhika. Nashona nepi za vitambaa hapa Kirumba, Mwanza, na lalamiko linalonirudia ni lile lile: "Dada, nepi zako zimekakamaa, zinanuka mkojo hata zikitoka kambani, mtoto akikojoa mkojo unapita pembeni. Kitambaa umebadilisha." Nikiuliza wanafuaje, jibu nalijua kabla halijatoka. Sabuni ya unga konzi mbili tatu. Zikinuka, wanaongeza konzi nyingine. Zikizidi kunuka, zinalazwa kwenye jiki.

Kitambaa ni kile kile, jamani. Chukua nepi kavu uliyokwisha kuifua, itandaze mezani, idondoshee tone la maji kwa kidole. Tone likizama papo hapo, nepi ni nzima. Likikaa juu linang'aa, nyuzi zimepakwa kitu. Sasa itumbukize hiyo hiyo kwenye beseni la maji ya moto yasiyo na sabuni hata chembe, uikoroge kwa kijiti. Maji yanageuka ukungu, kisha povu linaanza kujikusanya pembezoni mwa beseni. Kuna mteja nilimwonyesha hivyo kwa macho yake, akadai sabuni nimeitia mimi! Sabuni ni yake. Kainunua mwenyewe dukani, na kila siku anamvalisha mtoto.

Tatizo letu ni kuabudu povu. Kazi ya sabuni ni kubandua uchafu kwenye nyuzi na kuushikilia majini. Anayeuondoa ni maji. Usiposuuza ukamaliza, ule uchafu unakauka pale pale pamoja na sabuni yenyewe, jua linapiga, nepi inakauka kau kama dagaa. Bakteria wamebaki humo. Mtoto akikojoa, wanaivunja urea ya mkojo kuwa amonia, ile harufu inayochoma macho asubuhi. Mkojo mbichi haunuki hivyo. Kwa hiyo nepi "safi" ikianza kunuka muda mfupi tu baada ya mtoto kukojoa, haikuwa safi. Kuiongezea sabuni ni kuilewesha zaidi.

Sisi wa maji ya bomba yanayotoka ziwani tunadanganyika upesi, maana maji haya ni laini, povu linafumka kwa sabuni kidogo na kuondoka halitaki. Wenzetu wa visima vya maji magumu wana shida nyingine: sabuni ya mche inagandana na madini ya kwenye maji, inaacha utando mweupe kwenye beseni. Utando huo huo uko kwenye nepi. Huko tumieni sabuni ya unga. Na yale maji ya kulainisha nguo, ya kunukia, kwenye nepi ni marufuku. Yanazipaka nyuzi kitu kama mafuta, halafu mnanitafuta mimi.

Jiki sasa. Klorini ikikutana na amonia inatoa mvuke unaokaba koo, na ndoo ya nepi zilizolala na mkojo imejaa amonia. Mnajifungia bafuni, mnaiinamia, mnakohoa, mnasema "hii kali, inaua". Itawaua ninyi! Tena klorini inamalizwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu. Fua kwanza, suuza, ndipo utie jiki kidogo kwenye maji baridi, kwa nepi nyeupe za pamba tu, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza tena. Mimi huitumia mtoto akiwa anaharisha au ana fangasi, basi. Ya kila wiki inaila pamba.

Kufua kwenyewe hakuna maajabu. Kinyesi kinaenda chooni, si mtaroni wala ziwani. Usiniambie kinyesi cha kachanga hakina neno. Kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima. Nawe unayesuuza ziwani maji yakiwa magotini, kichocho hakitakuuliza umefuata nini. Anza na maji baridi, ya moto yanagandisha doa. Kisha maji ya moto na sabuni kiasi, halafu suuza mpaka maji ya mwisho yafanane na yalivyotoka bombani. Mara ngapi? Kila mtu anataka namba, nami sina. Taulo linaficha sabuni kuliko flana. Tazama maji. Za usiku zisuuze asubuhi ile ile.

Najua anayenunua maji kwa ndoo kule juu kwenye mawe ya Igogo au Mabatini ananisikia na kucheka. Ndiyo maana nasema aanze kwa kupunguza sabuni, maji ya kusuuzia yatapungua yenyewe. Hata hivyo, kwa mtu kama huyo siwezi kuapa kwamba nepi ni nafuu kuliko pampasi, ingawa biashara yangu inataka niseme hivyo. Na upele si wa nepi kila mara. Wapo watoto nimewashonea, mama anafua kama nilivyomwelekeza, na upele ukaja; unyevu na kusuguana vinatosha. Usipopungua kwa siku mbili tatu, kliniki.

Anika kwenye kamba, juani, usitandaze chini wala kwenye nyasi. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake anaingia ngozini. Pasi ya moto ipite kote, hasa kwenye mishono. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu kung'uta tu, hawaingii ngozini.

Zilizokwisha kulewa, kama ni pamba tupu, chemsha kwenye sufuria kwa maji matupu, mwaga, rudia mpaka povu likome. Zenye lastiki au mpira usichemshe, zisuuze kwa maji ya vuguvugu mara nyingi. Mpira ukipasuka, hapo nepi itavuja kweli, na hiyo sibadilishi bure.