Tewa Hakuukata Mshipi Wako

Jumamosi nimeletewa tena mshipi wa kuvulia uliokatika. Kijana kaja kibandani kwangu, ninapouza vifaa vya kuvulia, na rili mkononi, macho yamemtoka: "Ami, alikuwa tewa! Mkubwa kama mlango! Kapiga mara moja tu, kwisha!" Nikachomoa kama pima moja (urefu wa mikono miwili ikinyooshwa) ya uzi uliobaki, nikauzungusha viganjani, nikauvuta. Ukakatika kama tambi kavu. Nikamuuliza, "Na huyu naye ni tewa?"

Mombasa hii hakuna mshipi uliowahi kukatwa na samaki mdogo. Kaa na wavuvi wa ufuo wa Mama Ngina au wa mawe ya Likoni jioni moja, utadhani chini pale kumejaa majini.

Lakini lililoniudhi si tewa. Lililoniudhi ni lile la pili, ambalo nalisikia kila wiki: "Ami, huu ni mpya. Nimenunua mwaka juzi, nimeutumia mara tatu."

Mwanangu, nailoni haihesabu safari zako. Inahesabu jua. Mshipi uliokaa miaka miwili dirishani unapigwa na jua, au nyuma ya kioo cha gari, waweza kuwa umezeeka kuliko wa mvuvi anayeshinda Kilindini kila siku kisha akaufungia sandukuni. Mwanga wa jua unaila nailoni polepole, na hauoni tofauti kati ya uzi ulio majini na uzi uliotundikwa ukutani kama pambo. Na kabla hujaununua, ulikaa wapi? Kama duka liliuning'iniza mbele barazani ili wapita njia wauone, basi uliuziwa mzee.

Utamjua kwa mkono. Uzi mzima unateleza na una mng'ao. Uliokufa unakwaruza, umefifia kama una vumbi, na ukiutoa kwenye rili unabaki umejikunja kama springi hata ukiuvuta. Kisha funga fundo, liloweshe, uvute pole pole. Ukikatika bila kukuumiza kidole, usinisimulie habari za tewa.

Sasa, hapa ndipo watu wananichosha kabisa. Wale wenye uzi wa kusuka, ule wa nyuzi nyembamba zilizosukwa pamoja badala ya nailoni, wanafanya kinyume! Ukipauka tu, wanautupa. Ulikuwa kijani, sasa ni mweupe, basi "umekwisha". Rangi ya uzi wa kusuka hupakwa juu, hutoka, na kutoka kwake hakuondoi nguvu. Uzi huo hauli maji na jua haliusumbui sana. Adui yake ni tumbawe. Ukiuona umeota manyoya, kata pale penye manyoya, na kama yameenea, ndipo uutupe. Kwa hiyo mtu mmoja anatupa uzi wa bei uliopauka, jirani yake anabaki na nailoni iliyokufa kwa sababu bado ni ya buluu. Wote wawili wanatazama rangi.

Ile namba ya kilo kwenye kasha, ya uzito ambao mshipi unaweza kuuhimili, nayo isikudanganye. Nailoni hunywa maji, na ikishakunywa hupungua nguvu. Fundo baya laweza kula nusu nzima. Na zile pima mbili za mwisho, karibu na ndoana, ndizo zinazosuguliwa na mwamba, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unapoburura chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana. Zipitishe kati ya midomo. Midomo inahisi mkwaruzo ambao kidole chenye sugu hakiuoni. Ukihisi kitu, kata, funga upya. Hiyo si kubadilisha mshipi, ni dakika mbili, na bado watu hawafanyi.

Ndoana: iburute juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwama, kali. Ikiteleza, butu. Wateja nawaambia ndoana yenye kutu itupwe. Mimi mwenyewe nazinoa kwa tupa na kuzitumia, ila ikiwa kutu imechimba shina hata mimi siigusi.

Kuna watu wanabadilisha mshipi mara tatu kwa mwaka na bado unakatika. Hao waache uzi watazame rili. Kile kigurudumu kidogo ambacho uzi unapita juu yake, kikigandishwa na chumvi hakizunguki, na uzi unakikereza mpaka kinachimbika mfereji, kisha mfereji unaukereza uzi. Pete za fimbo anamopita uzi vilevile: chukua kipande cha mtandio mwepesi, kipitishe ndani ya kila pete. Kikinasa, pana ufa. (Si mtandio wa mkeo. Nimejifunza.) Breki ya rili nayo, ikiwa inatoa uzi kwa mishtuko badala ya kuachia taratibu, ifunguliwe na kusafishwa kabla hujamlaumu yeyote.

Muda? Nailoni nasema mwaka mmoja, kwa anayevua kila wiki. Namba hiyo nimeipanga kwa sababu watu wanataka namba. Nina mshipi wa miaka sita ndani ya kopo la biskuti, gizani, nimeujaribu mwezi uliopita na umekataa kukatika. Ningeuvulia? Kwa samaki kama changu, ndiyo. Kwa nguru, ningesita, na sababu yenyewe ni woga tu. Ukiwa huna pesa, geuza mshipi, wa ndani uje nje: nusu ya ndani ya rili mara nyingi haijawahi kuona maji wala jua. Ule wa zamani ukate vipande vifupi vifupi kabla ya kuutupa jaani. Kasa akinasa humo hatoki.

Kijana wangu wa Jumamosi alisikiliza yote haya, akatikisa kichwa, akanunua ndoana sita. Mshipi atabadilisha mwisho wa mwezi, kasema. Wiki hii ni bamvua, na tewa yupo anamngoja.