Dona si dawa ya kisukari

Juzi nimeisikia tena, na safari hii kwa mtu msomi kabisa: “Mimi dada dokta sukari nimeiacha, nakula dona tu.” Kipimo cha asubuhi, hajatia kitu mdomoni, kinasoma 13.2 (mmol/L), juu mno. Akasema kifaa kibovu. Nikampima kwa kifaa kingine, 13.4. Akasema basi ni mawazo.

Kwanza mimi si dokta, ni afisa lishe, ila hapa Mtwara ukishavaa koti jeupe ushakuwa dokta na huna pa kukatia rufaa. Pili, hii habari ya dona nimeieleza mpaka koo limekauka, kwa hiyo naiandika hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo asome akiwa kwenye bajaji.

Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni unga mzuri, sina ugomvi nao. Pumba na kiini vimebaki, nyuzinyuzi zipo, vitamini za kundi B zipo, na choo kinapatikana bila vita. Lakini gramu 100 za unga wa dona zina wanga kama gramu 75. Sembe, ile ya mahindi yaliyokobolewa, inazidi hapo kidogo. Unga wa muhogo, ambao huku kwetu unaitwa “chakula cha asili” kwa sauti ya heshima, unavuka 80, na protini yake haifiki mbali. Mtama unakaa jirani na dona. Wanga wote huo mwisho wake ni glukosi, ile sukari ya kwenye damu. Tofauti iliyopo ni ya mwendo: nyuzinyuzi zinachelewesha glukosi kuingia kwenye damu. Zinachelewesha kidogo, na mashine zetu zinavyosaga unga laini mno, hata huko kuchelewa kunapungua.

Tupige hesabu. Mtu mzima aliyetoka shamba anaweza kumaliza ugali wa unga gramu 200 na akaomba ukoko. Hapo kuna wanga gramu 150. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 5. Gawanya mwenyewe, utapata 30. Sisemi ugali ni sukari. Sukari inaingia mbio na haina kingine ilichobeba. Nasema kongosho, kiungo kinachotoa insulini ya kushusha sukari, ikiwa imechoka na ikaletewa glukosi ya kiasi hicho kwa mlo mmoja itazidiwa tu, iwe ilitoka kwenye sembe, dona au makopa ya babu.

Na hapa ndipo ninapochoka. Watu wamebadilisha rangi ya ugali, mlima umebaki ule ule. Wengine wameuongeza, maana wameambiwa ni dawa, na dawa nani anaipunguza? Namuuliza mzee, “Shikamoo. Ugali unakula kiasi gani?” “Marahaba mwanangu. Wa kawaida tu.” Binti yake aliyemsindikiza anageukia dirishani anacheka. Basi namwita binti, tunaongea sisi.

Kusema kweli lawama nyingine ni yetu wataalamu. Vipeperushi vina picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Picha safi. Sasa mpelekee mzee wa Mikindani anayekula na wajukuu wanne kwenye sinia moja. Robo ya nini? Ugali uko katikati, bakuli la kibua limewekwa pembeni, kila mkono unakata tonge upande wake, na kuhesabu matonge ya mtu mbele za watu si adabu. Akijizuia akanawa mapema, mkewe anauliza, “Mbona huli, nimekuudhi?” Akisema ni mambo ya kliniki, watoto wanaogopa baba anaumwa sana. Anarudi kula. Kipeperushi hakikuandika habari hiyo.

Tazama pia tonge lenyewe. Mchuzi ukiwa mwepesi na samaki ni mmoja kwa watu sita, tonge linakuwa kubwa, linabonyezwa kwa dole gumba, linachovya tu. Kisamvu kikiwa kingi, kimetwangwa, kimechemka vya kutosha na kuungwa kwa karanga, tonge linakuwa dogo kwa sababu linabeba mzigo. Mara nyingi mtu hali ugali mwingi kwa uroho. Mboga ni kidogo, na tumbo lazima lijae kwa kitu. Kumwambia huyo “punguza ugali” bila kumwambia cha kujaza pengo ni kumwambia akalale na njaa, na mwenye njaa hatakusikiliza zaidi ya siku tatu.

Kwa hiyo siku hizi nusu ya kazi yangu ni kuongea na anayeshika mwiko. Ugawaji ufanyike jikoni. Kata kipande cha mgonjwa kama ngumi yake, ikizidi iwe ngumi na nusu, kiweke upande wake wa sinia kabla halijatoka. Bado anakula na wenzake, hakuna aliyetengwa. Kisha ongeza mboga na jamii ya kunde mpaka mtu ashibe. Ndiyo siri yote, na haihitaji unga maalumu wa kuletwa kutoka Dar es Salaam kwa bei ya kuku.

Jamii ya kunde tunayo, tena ya kumwaga. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka huku kusini na watu wakabaki na magunia ndani. Walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Bado nashangaa: mbaazi kavu gramu 100 zina protini kama gramu 20 na nyuzinyuzi kama gramu 15, halafu mtu anaziuza zote ili anunue soseji. Mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, dagaa: huo ndio mlo wa mwenye kisukari, na upo sokoni Chikongola bila kibandiko cha “lishe”. Nazi weka, ila si lazima kila siku tui la kwanza zito.

Korosho, kabla hujauliza: haina kolesteroli, kama mmea mwingine wowote. Kiganja kimoja badala ya maandazi mawili ni biashara nzuri. Viganja vinne mbele ya runinga ni mlo mwingine wa usiku.

Sasa yale ambayo nina wasiwasi nayo mwenyewe. Kuna tafiti zilizoonyesha kwamba ukianza na mboga na protini, wanga ukaja mwisho, sukari baada ya mlo haipandi sana. Nazikubali. Lakini zile nilizosoma ni za watu waliokula mkate au wali, kila mmoja na sahani yake. Mla ugali ukimwambia amalize kisamvu kwanza, ugali ataulia nini? Ninachoshauri ni bakuli dogo la mchicha au supu ya samaki kabla ya sinia kufika. Sithubutu kuahidi kwamba faida itakuwa ileile, lakini hasara haipo. Kiporo nacho: wanga ukipoa, sehemu yake inakuwa ngumu kumeng’enywa. Ni kweli, ila usifanye kiporo kuwa sababu ya kujaza sahani.

Halafu kuna hili: wawili wanakula mlo mmoja, dawa zilezile, masaa mawili baadaye mmoja anasoma 9, mwenzake 14. Vitabu vina jedwali, kila chakula na namba yake ya kupandisha sukari. Mwili wa mtu haujasoma jedwali. Ukiwa na kifaa nyumbani na vijiti havijakuishia, pima siku moja baada ya ugali wa muhogo, siku nyingine baada ya wali, uandike na kiasi ulichokula. Daftari hilo ukija nalo kliniki utanisaidia kuliko maneno yangu yote.

Mengine nayapitia haraka. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Juisi ya embe “isiyo na kitu” ina embe tatu ambazo usingezila kwa mkupuo. Tunda kula, usilikamue. Bibo, tunda la mkorosho, lina vitamini C kulishinda chungwa mara kadhaa, lile, tafuna. Likishakuwa uraka, yaani pombe, ni mazungumzo mengine, tusidanganyane. Chai ya vijiko vitatu, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 45 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asifike 25 kwa siku nzima, na hapo ni kwa mtu asiye na kisukari. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Na msimu wa korosho, malipo yakishaingia, kreti za soda zinaingia uani kwa watu ambao tangu Januari walikuwa wanakula vizuri tu. Nimeacha kushangaa.

Kutembea sipiti haraka, kwa sababu ni bure na watu wanaona si kitu. Misuli inayofanya kazi inachukua glukosi kutoka kwenye damu, hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri. Dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula zinatosha kuonekana kwenye kipimo. Anayekula kabla ya Isha akaenda msikitini kwa miguu na kurudi, tayari anafanya matibabu. Anayekula kisha akajinyoosha mkekani na simu, hapana.

Ramadhani ina shida yake. Futari yetu ni mihogo, magimbi, ndizi, ming’oko, vyote kwenye nazi, na tambi juu, na uji wa sukari. Ni wanga juu ya wanga. Chagua kimoja, weka samaki na mboga. Na kabla ya mwezi kuandama, nenda kwa daktari wako mpange dawa. Wapo ambao hawatakiwi kufunga kabisa.

Hilo linanifikisha kwenye onyo ambalo wanaosambaza ushauri mitandaoni hawaliweki. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, usiamke kesho ukakata ugali nusu bila kusema kliniki. Dozi ilipangwa kwa mlima wako wa zamani. Mlima ukiondoka ghafla, sukari inaweza kushuka mno. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika: pima, ikiwa chini ya 4, au kifaa hakipo, koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji unywe, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula chakula. Hapo sukari ndiyo dawa. Mgonjwa akiwa amezimia, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.