Mhadhiri mtafiti wa uuguzi ni nani, na chuo kikuu humpataje?

Mhadhiri mtafiti wa uuguzi, kwa kawaida, ni muuguzi aliyesajiliwa, mwenye shahada ya uzamivu, ambaye chuo kikuu kimemwajiri kwa masharti kwamba sehemu kubwa ya muda wake wa kazi ni utafiti. Darasani anaingia na wanafunzi wa uzamili anawasimamia, lakini anapopandishwa cheo hutazamwa kwanza makala alizochapisha, ruzuku alizoleta, na wanafunzi aliowalea mpaka wakaweza kutafiti wenyewe.

Asichanganywe na mkufunzi wa KMTC, chuo cha serikali ya Kenya cha mafunzo ya afya, ya Malindi au ya Lamu. Kazi ya mkufunzi ni kuhakikisha anayehitimu anaweza kushika zamu bila kumdhuru mgonjwa, na ni kazi nzito isiyo chini ya nyingine. Wala si sawa na mtafiti wa mradi, kama wengi walioajiriwa katika programu ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, iliyoanza Kilifi mwaka 1989. Mkataba wa mtafiti wa mradi mara nyingi hufuata fedha za mradi, ilhali mhadhiri ni mwajiriwa wa chuo, na anatarajiwa kubaki na swali moja kwa miaka.

Maswali yenyewe ni ya uuguzi. Kwa nini mama wa Faza, kisiwani Pate, hufika hospitali ya King Fahd mjini Lamu uchungu umeshapevuka? Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku huanza na mgonjwa yupi, na nani hukosa huduma kwa sababu hiyo? Kidonda cha mwenye kisukari husafishwaje nyumba ambayo maji hununuliwa kwa mtungi? Daktari hawezi kuyajibu yote haya kwa niaba ya muuguzi. Marekani iliona hivyo mapema, ikaanzisha kituo cha taifa cha utafiti wa uuguzi mwaka 1986, kikapandishwa kuwa taasisi kamili mwaka 1993.

Kuajiri huanza kabla ya tangazo, na huanza na saa. Tuseme barua ya ajira inaahidi nusu ya muda kwa utafiti, yaani saa 20 kati ya 40 za wiki. Mpe masomo mawili ya saa tatu kila moja: hizo ni 6. Kuandaa na kusahihisha hula mara mbili ya hizo: 12. Siku moja ya kusimamia wanafunzi wodini: 8. Vikao: 4. Jumla ni 30. Zimebaki 10, ambazo ni robo, na hapo hakuna mwenzake aliyeugua akaachiwa darasa lake. Mkuu wa skuli ya uuguzi chuoni asiyefanya hesabu hii kwenye karatasi anaahidi kitu asicho nacho. Lililo sawa ni kumpa somo moja, na usimamizi wa wodini ushikwe na wakufunzi wa kliniki walioajiriwa kwa kazi hiyo. Wasipokuwapo, waajiriwe hao kwanza.

Linalofuata ni kuchagua eneo. Tangazo linalosema "utafiti wowote wa uuguzi" huleta watu watano wasioweza kusomeana kazi zao. Chuo kilicho karibu na Malindi kingeweza kuamua kwamba kwa miaka 5 kinajenga afya ya mama na mtoto mchanga, kikaajiri wawili au watatu wa eneo hilo hilo. Mtafiti aliye peke yake hana wa kumsahihishia ombi la ruzuku, na akiondoka kila kitu huondoka naye.

Wauguzi wenye uzamivu ni wachache nchini, na wengi wao wamekalia viti vya ukuu wa idara. Ndiyo maana tangazo pekee halitoshi. Skuli inayojua kazi huwaandikia wasimamizi wa wanafunzi wa uzamivu na kuwauliza nani amebakisha mwaka mmoja, huwafuata watu kwenye makongamano, na hujipa kama mwaka mzima tangu kuanza kutafuta mpaka mtu kuripoti kazini.

Wasifu usomwe kwa uzi wake, idadi ya makala ije baadaye. Makala 4 zinazofuatana juu ya watoto njiti, mwombaji akiwa mwandishi wa kwanza, zina uzito kuliko 20 za mada 20 ambamo jina lake ni la tisa. Majarida yaangaliwe moja moja, kwa kuwa yako yanayochapisha chochote mradi umelipa. Usajili wake katika Baraza la Wauguzi la Kenya uthibitishwe kuwa hai; waliokaa maktaba muda mrefu huacha leseni ikaisha, kisha wodi haziwapokei.

Siku ya usaili, mpeni dakika 45 aeleze utafiti wake mbele ya wahadhiri na wanafunzi, na 15 za maswali. Swali linalofunua mengi ni hili: "Ukipata ruzuku ndogo ya mwaka mmoja hapa kwetu, utaanza na nini?" Aliyejiandaa atataja hospitali, aina ya wagonjwa, na ruhusa anazohitaji. Kisha apelekwe hospitali akaonane na muuguzi mkuu. Wasipoelewana hao wawili, hakuna data.

Barua ya ajira iandike kila kitu: asilimia ya muda, somo atakalofundisha, fedha za kuanzia utafiti, msaidizi wa utafiti, na nani anatunza fedha za ruzuku. Hizo za kuanzia ndizo zinazokatwa kwanza, na ndipo kazi inapokwama. Mfano wa Lamu unaonyesha kwa nini. Kukusanya data Pate na Faza kunahitaji boti, petroli, nahodha na malazi. Boti nyingi hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, kwa hivyo safari moja inaweza kula siku mbili. Msimu wa kusi ukichafua bahari, wiki nzima inaweza kupotea. Bajeti iliyoandikwa na mtu wa bara, yenye nauli ya basi tu, huisha kabla ya dodoso la kwanza kujazwa.

Ongeza kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti kufanywa nchini, na idhini ya idara ya afya ya kaunti. Vinaweza kuchukua miezi, na mhadhiri mgeni asiye na makala ya mwaka wa kwanza huonekana mvivu kwa wasiojua. Mwaka huo apimwe kwa vibali alivyopata, maombi ya ruzuku aliyowasilisha, na makala za uzamivu alizomalizia. Data ya hapa itaanza kuonekana mwaka wa pili, pengine wa tatu.