Mzee wa miaka 18

Juzi jioni nilikuwa barazani kwa jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, tunabangua korosho za kuchoma, vidole vimekuwa vyeusi kama vya fundi gereji, alipoinuka akaingia ndani na kurudi na karatasi mbili. Zilikuwa za Kiingereza, zimechapwa steshenari. Mtoto wa mpwa wake ameitwa misheni: Zambia, miezi 24. Jirani huyu ndiye mjomba mkubwa wa ukoo, na kwetu Wamakonde mjomba asipotia neno hata begi halifungwi.

"Mwalimu," akaniambia, "dini yao siiulizi. Nauliza kutwa. Jua likichomoza mpaka likizama, huyu mtoto atakuwa anafanya nini huko?"

Nimeulizwa mengi kuhusu misheni, hasa kama nililipwa na kama nilitafutiwa mchumba wa Kimarekani, lakini hili la kutwa hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimjibu usiku ule nusunusu. Hapa najibu lote.

Kwanza mnijue. Mimi si mchungaji, nafundisha wageni Kiswahili. Ila kati ya 2017 na 2019 nilikuwa mmisionari Uganda, wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi mnawaita Wamormoni. Mwaka 2018 viongozi wa kanisa lenyewe waliomba jina hilo la utani liachwe, kwa hiyo nimelitaja mara moja hiyo na imetosha.

Shida ya kwanza ya kumweleza mtu wa kusini ni neno lenyewe, mmisionari. Huku kwetu lina sura. Ukilitamka, mtu anaona Ndanda: Mjerumani Mbenediktini aliyekuja kijana, akajifunza Kiswahili, akajenga karakana na hospitali, akazeeka, akazikwa hapohapo. Au anaona Masasi, Waanglikana walioshuka kutoka Unguja mwaka 1876 pamoja na watu walioachiwa huru utumwani. Mmisionari kwetu ni mtu anayekuja kukaa. Huyu wa kwangu anakuja kuondoka. Mvulana miezi 24, msichana 18, halafu kwaheri, anarudi kwao kusoma chuo au kutafuta kazi. Hajasomea theolojia. Halipwi. Wavulana walikuwa wakianza na miaka 19. Mwaka 2012 umri ukashushwa hadi 18.

Na mtoto huyo wa miaka 18 anabandikwa kifuani kibao cheusi chenye maandishi meupe: Mzee fulani.

Hapo mjomba aliacha kubangua. "Mzee? Huyu aliyetoka likumbi, jandoni, juzi tu hapa?"

Ndiyo, Mzee. Cheo chenyewe kwa Kiingereza ni Elder, na waliotafsiri wakakosa neno jingine. Wasichana wao wakapata nafuu, wanaitwa Dada. Mwenye Kiswahili cha pwani anacheka lazima. Uganda nilivaa kibao cha Kiingereza nikasalimika, lakini wanafunzi wangu wa sasa, Wamarekani wanaojiandaa kuja nchi za Kiswahili, huwa nawaonya mapema: utamwamkia bibi wa miaka 70 shikamoo, naye atasoma kifuani kwako Mzee, atashika mbavu. Mwache acheke. Ndio mlango wenyewe huo.

Ila mjomba akasema jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Mtoto akiingia jandoni jina la utotoni linabaki nje, anatoka na jina jipya, na katikati hapo hakai peke yake hata kidogo. "Basi hayo ni yaleyale," akasema. Ya jando hayasemwi barazani, kwa hiyo tuliishia hapo, lakini sijapata bado mfano unaouzidi huo.

Sasa saa. Kuamka ni saa 12:30 asubuhi. Mjomba alicheka tena, kwa sababu Mtwara saa hiyo jua limeshapanda na waliokwenda kuvua usiku wamesharudi na kuuza. Kampala ni mambo mengine. Saa zetu ni zilezile, lakini wao wako magharibi sana, na saa 12:30 bado ni giza au ndiyo kwanza kunapambazuka. Mazoezi nusu saa, kuoga, chai isiyo chai (nitaieleza), kisha kusoma: saa moja peke yako, saa moja na mwenza wako, yaani mmisionari uliyepangwa naye. Kwenye saa 4 mnatoka. Kurudi ni saa 3 usiku, taa zinazimwa saa 4:30. Mwaka niliokwenda walilegeza kidogo, mnaweza kusogeza vipindi vya katikati kufuatana na mahali mlipo, ila kulala na kuamka hakukuguswa sana.

Katikati hapo ni kutembea. Sisi bodaboda tulikatazwa, kwa hiyo ni miguu na daladala zao, ambazo wanaziita teksi. Watu wengi wanadhani kazi ni kugonga milango. Uganda hatukugonga sana, na kama hapa Mtwara, ukipiga hodi hufukuzwi. Shida ya Mwafrika si kukukatalia, shida ni kukukubalia. Mtu anasema njooni kesho saa 10. Mnavuka mji, mnafika, mlango una kufuli. Alisema njooni kwa sababu ya adabu, na nyie mmekuja kwa sababu ya daftari. Mwenza wangu wa kwanza, kijana wa Idaho, Marekani, iliichukua miguu yake miezi miwili kuelewa hilo.

Kuna na sheria nyingine inayokula saa nyingi: vijana wa kiume hawaingii nyumba yenye mwanamke peke yake, lazima awepo mwanamume mwingine mtu mzima. Mchana nyumbani kuna nani? Akina mama. Basi tulifundisha uani, chini ya mwembe, mbele ya majirani wote, kuku wanapita katikati ya sala. Binafsi naona ilitusaidia. Aliyetaka kusikia alisogeza kigoda.

Mjomba ana Uganda yake. Alikwenda 1979, na jeshi. "Mimi nilikwenda na bunduki, wewe ukaenda na tai," akaniambia. "Nani alipokewa vizuri?" Nilimwambia ukweli: mimi nilikwenda na Kiswahili, na kwa wazee wengi wa Kampala Kiswahili bado kina harufu ya askari. Siku ya kwanza nilimwamkia mama mmoja shikamoo kwa heshima zote za Mtwara, akarudi nyuma hatua moja. Mwenza wangu akasema "Oli otya, nnyabo" kwa lafudhi ya Idaho, na mama akafungua meno yote. Mwalimu wa lugha nimefundishwa siku ile na mtu aliyekuwa hajui hata kutamka ng'ombe.

Na hapa ndipo penye kazi yenyewe: mwenza. Mjomba aliuliza kutwa, na jibu fupi la kutwa ni kwamba utakuwa na mtu. Huendi dukani peke yako. Hukai uani peke yako ukamsikiliza ndege. Chumba kimoja, vitanda viwili, na isipokuwa bafuni na chooni, mwenzako awe mahali unapomwona au kumsikia. Humchagui. Anachagua rais wa misheni, mtu mzima anayetumikia miaka mitatu pamoja na mkewe, na kila wiki sita kunaweza kuja mabadiliko: fungasha, kesho unahamia Jinja, mwenza mpya ni yule. Wa kwanza ndiye mkufunzi wako, mnakaa kwa kawaida wiki 12.

Huyu wangu wa Idaho alikuwa mtu mwema na alinichosha kupita maelezo. Alipanga siku kwa dakika. Mimi nikikutana na mtu nauliza habari za asubuhi, za watoto, za shamba, za mgonjwa. Yeye anatazama saa. Kwake salamu ilikuwa ucheleweshaji. Kwangu kuikata ilikuwa tusi, tena tusi ninalotukana mimi, maana nimesimama naye. Halafu kila wiki kuna kikao cha wenza, mko wawili tu, mnaambiana linalowakera. Wiki ya kwanza akaniuliza. Nikasema hakuna tatizo. Ya pili, hakuna tatizo. Ya tatu, hakuna.

Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Sisi mtu humwambii usoni. Unamtuma mtu, au unapitishia kwenye utani, na mwenye masikio anasikia. Yeye hakuwa na mtani na hakukuwa na wa kutumwa, tulikuwa wawili. Akaandika kwenye daftari lake kwamba hakuna tatizo. Wiki ya nne nikalipuka, kwa sababu ya taulo. Taulo! Alilianika juu ya langu. Nilisema yote tangu nilipotua Entebbe, kwa Kiingereza kilichoishiwa sarufi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: "Kwa nini uliniambia hakuna tatizo?"

Sikuwa na jibu. Baada ya pale tulikubaliana: yeye ahesabu salamu tatu kabla ya kutazama saa, mimi nikisema "hakuna tatizo" aniulize mara ya pili. Si kwamba tukawa marafiki siku ile. Tuliweza kufanya kazi. Mpaka leo nikifundisha wageni, somo la salamu nalitengea wiki nzima, na wakichoka nawaambia habari ya taulo.

Wapo ambao hawamalizi. Wengine wanaugua, wengine mawazo yanawaelemea, wanarudi baada ya miezi mitano au kumi. Nyumbani watu wanawatazama kana kwamba wametoroka jandoni. Naona ni ukatili, na nilimwambia mjomba hivyo waziwazi: mtoto akirudi mapema, mpokeeni, msimhoji.

Chai sasa. Hawanywi chai, kahawa, pombe, wala hawavuti tumbaku. Ni agizo la kanisa lao tangu 1833. "Hata uraka?" akauliza mjomba. Hata uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho, hata yakiwa yamejaa uwanja. Pombe haikunitesa, kuikataa kila mtu anaelewa. Kukataa chai ni kukataa mtu. Nilichojifunza ni kusema mapema, kabla jiko halijawashwa: mama, sisi tunapenda maji, au tangawizi iliyochemshwa bila majani. Ukingoja mpaka kikombe kiko mkononi umeshamvunjia mwenyeji heshima, na hakuna aya itakayomrudisha. Jumapili moja ya mwezi, kwa kawaida ya kwanza, wanafunga milo miwili. Hilo halikumshtua mtu yeyote barazani pale, nusu yao wanafunga Ramadhani nzima.

Kuogelea pia hakuna. Mimi niliyekulia Shangani, ufukweni hapa Mtwara, nimekaa kando ya Ziwa Victoria bila kuloanisha zaidi ya miguu.

Siku moja ya wiki ni ya matayarisho, mpaka saa 12 jioni: kufua, sokoni, kunyoa, kuandika nyumbani. Unafua mwenyewe. Nalirudia kwa sababu mama wa kijana, aliyekuwa anasikiliza kupitia dirishani, aliuliza nani atamfulia. Mashati meupe na vumbi jekundu, kwa mkono, kwenye beseni. Akajifunze sasa hivi, asingoje Lusaka.

Simu ilikuwa ndiyo maumivu ya mama yangu. Nilipokwenda tuliruhusiwa barua pepe kila wiki, lakini kupiga simu mara mbili kwa mwaka tu: Krismasi na Siku ya Mama. Siku ya Mama yenyewe hapa nyumbani haijulikani. Jumapili moja ya Mei nilimpigia, akapokea kwa kilio, "Nani amekufa?" Nikatumia nusu ya muda kumweleza kwamba hakuna msiba, ni sikukuu. Februari 2019 wakaruhusu kupiga kila wiki. Nilikuwa nimebakiza miezi michache. Mama alizoea upesi, wiki ya tatu akaniambia niwe mfupi, ana samaki jikoni.

Fedha: kijana na familia wanachangia kila mwezi. Kwa Wamarekani ni dola 500 tangu Julai 2020, zamani 400. Kwa nchi kama yetu kiwango kinawekwa kulingana na hali, na asiyeweza husaidiwa na mfuko mkuu. Pango linalipwa, yeye anapewa ya chakula na nauli. Inatosha kama hupendi soda.

Mjomba alipoona nimemaliza, alikunja karatasi zake vizuri. Akaniuliza mtoto afanye nini katika wiki alizobakiza. Nikamwambia ana binamu yake pale Magomeni ya hapahapa Mtwara ambaye hawaivani tangu utotoni, wote tunajua. Ahamie chumbani kwake wiki mbili, walale wote, wapike wote, waende sokoni wote, asitoke bila yeye.

"Watauana," akasema mjomba.

Akamwita kijana atoke ndani.